Jina Bila Nyumba: Historia ya Majina Yaliyoegeshwa Katika Intaneti

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Maneno mapya. Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni kabla ya kufungua redio:
Kikoa: fungu la majina katika intaneti.
Tovuti: kurasa za mtu au chama zilizowekwa katika intaneti ili watu wazisome.
Kuegesha: kuweka kitu mahali kingoje, kama gari linapowekwa kando ya barabara.
Mtambo wa kutafuta: mtambo unaomwonyesha msomaji kurasa anazozihitaji.
Kiungo: njia iliyo katika ukurasa mmoja, inayompeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine.

Hamjambo, ndugu wanafunzi. Hamjambo ninyi mlioko Karatu mjini, na Rhotia, na Oldeani, na Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Hamjambo ninyi mlioko juu kule Ngorongoro, kwenye baridi na ukungu. Natumaini mmeketi vizuri, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake.

Leo tutasoma historia, lakini siyo historia ya vita wala ya wafalme. Tutasoma historia ya majina. Jina ni kitu kidogo. Halilimwi, halifugwi, wala halipimwi kwenye mizani. Hata hivyo watu wamelipa fedha nyingi kwa ajili ya jina, na watu wameshtakiana mahakamani kwa ajili ya jina. Tena mtaona kwamba habari hii inatuhusu sisi wenyewe, kwa kuwa wilaya zetu zina majina yanayojulikana dunia nzima.

Fungu la kwanza: Kiwanja chenye kibao

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Ukitoka Makuyuni kwa barabara ya lami, ukapita Mto wa Mbu, ukapanda ukuta wa Bonde la Ufa, unafika Rhotia na kisha Karatu. Njiani unaona nyumba, maduka, hoteli na kambi za wageni. Lakini kati ya nyumba na nyumba unaona pia kiwanja kitupu. Majani yameota. Mbuzi wanakula humo. Katikati pamesimama kibao kilichoandikwa, "Kiwanja hiki kinauzwa," na chini yake namba ya simu.

Mwenye kiwanja hayupo. Pengine yuko Arusha, pengine yuko Dar es Salaam, pengine yuko ng'ambo. Hakununua kiwanja ili ajenge. Alinunua ili angoje mpaka bei ipande.

Sasa mgeni anashuka katika basi jioni. Anakuuliza, "Ndugu, nitalala wapi?" Je, utampeleka kwenye kiwanja kile chenye kibao? Hata kidogo. Utampeleka mahali penye mlango, penye kitanda, penye chakula cha moto. Ukimpeleka kwenye kiwanja kitupu, kesho hatakuuliza wewe tena. Atamwuliza mwingine.

Shikeni mfano huu, maana somo letu lote limo ndani yake. Katika intaneti kuna majina yaliyo kama kiwanja kile. Yana mwenyewe, yamelipiwa, lakini hayana nyumba. Huitwa majina yaliyoegeshwa. Na mtambo wa kutafuta ni kama wewe unayeulizwa na mgeni kando ya barabara.

Fungu la pili: Majina yalivyoanza

Intaneti ni kompyuta nyingi za dunia zilizounganishwa, hata zikaweza kupelekeana habari. Kila kompyuta ina namba yake, kama simu ilivyo na namba yake. Lakini namba ni ngumu kukumbuka. Kwa hiyo watu walizipa kompyuta majina.

Hapo kwanza kompyuta hizo zilikuwa chache, na majina yake yote yaliandikwa katika orodha moja tu, iliyotunzwa California, Marekani. Aliyetaka kujua jina fulani liko wapi alitazama orodha ile. Kompyuta zilipoongezeka, orodha ikawa ndefu mno, na waliokuwa wakiitunza wakaelemewa na kazi.

Mwaka 1983 bwana mmoja jina lake Paul Mockapetris, akishirikiana na mwenzake Jon Postel, alibuni mpango mpya. Majina yaligawanywa katika mafungu, na kila fungu likapewa mtunzaji wake. Mafungu hayo ndiyo vikoa. Unaweza kulijua fungu kwa kutazama mwisho wa jina. Jina likiishia na com, ni fungu lililowekwa kwa ajili ya biashara. Likiishia na ke, ni la Kenya. Likiishia na ug, ni la Uganda. Likiishia na tz, ni la kwetu Tanzania.

Jina la kwanza kuandikishwa katika fungu la com lilikuwa symbolics.com. Liliandikishwa tarehe 15 Machi, 1985. Fungu la tz lilifunguliwa miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1995. Mwaka 2006 kiliundwa kituo kiitwacho tzNIC ili kiandikishe majina ya tz hapa hapa nchini. Ndani ya fungu la tz mna mafungu madogo. Biashara hupewa co.tz, vyama hupewa or.tz, shule hupewa sc.tz, vyuo vikuu hupewa ac.tz, na serikali hupewa go.tz. Limewekwa hata fungu la hoteli, nalo ni hotel.tz.

Hapa andikeni jambo moja katika madaftari yenu. Jina la kikoa halinunuliwi likawa lako milele. Unalipia muda, mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha unalipa tena. Ni kama kodi ya pango. Ukisahau kulipa, jina hurudi sokoni, na mtu mwingine ana ruhusa ya kulichukua.

Fungu la tatu: Watu walivyoyakimbilia majina

Mpaka mwaka 1995 mtu aliandikisha jina la com bila kulipa. Mwezi wa Septemba mwaka huo ada iliwekwa, nayo ilikuwa dola 100 za Marekani kwa miaka miwili. Kanuni ilikuwa moja tu: anayefika kwanza ndiye anayepewa. Haikuulizwa kama ana haki ya jina hilo, wala kama ana kazi ya kulifanyia.

Mara watu wenye macho makali wakaona faida. Jina business.com, ambalo maana yake ni biashara, liliuzwa mwaka 1997 kwa dola 150,000. Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, likauzwa tena kwa dola milioni 7 na nusu. Habari kama hiyo haikai mahali pamoja. Wengi wakaanza kuandikisha majina kwa mamia: majina ya kampuni, majina ya vyakula, majina ya miji, hata majina ya nchi.

Afrika ya Kusini ilikuwa nchi mojawapo iliyokuta jina lake limekwisha chukuliwa. Jina southafrica.com lilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya Marekani. Serikali ya Afrika ya Kusini iliposema kwamba jina hilo ni la watu wake, kampuni ilikwenda mahakamani New York mwaka 2000. Mahakama ilikataa kuisikiliza kesi ile, na jina likabaki kwa kampuni.

New Zealand ilipata taabu kama hiyo na kampuni ile ile. Mwaka 2002 serikali yake ilipeleka shauri mbele ya wapatanishi wa Shirika la Haki Miliki Duniani, lenye makao makuu Geneva. Ikashindwa. Baadaye serikali ilinunua jina newzealand.com kwa dola nusu milioni hivi za Marekani.

Kwa nini serikali ya New Zealand ilishindwa? Sikilizeni vizuri, maana jambo hili linatugusa. Shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani huitwa ICANN. Liliundwa mwaka 1998, na mwaka 1999 liliweka utaratibu wa kuamua ugomvi wa majina. Mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu. La kwanza, jina hilo linafanana na alama yake ya biashara. La pili, aliyelichukua hana haki nalo. La tatu, alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Sasa jina la mahali peke yake siyo alama ya biashara. Ni jina la mahali tu, na watu wote hulitaja. Kwa hiyo mtu wa mbali akiandikisha jina lenye neno Ngorongoro, au Karatu, au Eyasi, ni vigumu sana kumnyang'anya kwa njia hiyo. Hatudai kwamba ametenda haki. Tunasema kwamba kanuni haikuandikwa kwa ajili ya milima na maziwa.

Mwalimu wa darasa asimame hapa kidogo, awaulize wanafunzi kama wameelewa. Kisha tuendelee.

Fungu la nne: Fedha ya kiwanja kitupu

Pengine mmoja wenu anauliza, "Mtu anapata faida gani kwa kukaa na jina tupu miaka na miaka, na huku analipa ada?" Hilo ni swali zuri. Jibu lake ni matangazo.

Siku zile watu wengi waliandika jina moja kwa moja katika kompyuta, kwa kubahatisha. Mtu akitaka habari za hoteli aliandika neno hoteli, akaongeza com, akangoja aone kitu gani kitatokea. Wenye majina wakatambua kwamba wapita njia hawa ni mali. Wakaweka katika jina tupu ukurasa mmoja uliojaa matangazo ya watu wengine. Mpita njia akibonyeza tangazo, mwenye tangazo hulipa senti kadhaa, na mwenye jina hupata fungu lake. Jina moja huleta senti chache. Majina elfu kumi huleta mshahara mnono.

Mwaka 2003 kampuni ya Google ilinunua kampuni nyingine iitwayo Applied Semantics, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuweka matangazo katika majina yaliyoegeshwa. Mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Makosa ya kuandika nayo yaligeuzwa kuwa shamba la mavuno. Fungu la nchi ya Kameruni ni cm. Mtu anayetaka kuandika com, kidole kikiteleza akaruka herufi o, hujikuta Kameruni. Mwezi wa Agosti 2006 fungu lote la cm liliwekwa katika namna hii: mtu akiandika jina lo lote ambalo halijaandikishwa, alipelekwa kwenye ukurasa wa matangazo. Watu walipotea njia kwa herufi moja tu, na kupotea kwao kukawa fedha ya wengine.

Sisi wa huku tunaijua nguvu ya herufi moja. Korongo lile ambako Mary Leakey aliona fuvu maarufu mwaka 1959, Wamasai hupaita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini unaoota pale. Mgeni Mjerumani aliyefika pale mwaka 1911 alilisikia vibaya, na dunia ikaandika Olduvai. Kosa la sikio la mtu mmoja limekaa katika vitabu zaidi ya miaka 100.

Ujanja mwingine ulikuwa wa kuonja majina. Kulikuwa na kanuni iliyomruhusu mwandikishaji kurudisha jina katika siku 5 za kwanza bila hasara. Kanuni ilikusudiwa kuwasaidia waliokosea herufi. Lakini wajanja waliandikisha mamilioni ya majina, wakayawekea matangazo siku 5, wakabakiza yenye faida, na kuyarudisha mengine yote. ICANN ilipoanza kuwatoza ada waliorudisha majina mengi mno, uchezaji huo ulikoma karibu kabisa kati ya mwaka 2008 na 2009.

Fungu la tano: Mtambo wa kutafuta unavyoona

Sasa tumwendee yule anayeulizwa na mgeni, yaani mtambo wa kutafuta. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, hutembea usiku na mchana katika intaneti, ukifuata viungo toka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kusoma kila uliponapo mlango. Pili, huyaandika uliyoyasoma katika faharasa kubwa, kama faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Tatu, mtu anapouliza, hupanga majibu: hili liwe la kwanza, lile la pili, lile la mia.

Mitambo ya kwanza, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, ilitegemea zaidi maneno yaliyomo katika ukurasa. Wajanja wakaandika neno moja mara mia ili watangulie mbele. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google. Wao walisema kwamba ukurasa upimwe pia kwa viungo, yaani kurasa nyingine ngapi zinauelekezea, na kurasa hizo zenyewe zina heshima gani. Ni kama kumwuliza fundi kwa sifa anazopewa na majirani, badala ya sifa anazojipa mwenyewe.

Basi, jina lililoegeshwa linaonekanaje kwa mtambo kama huo? Mtambo unafika na kubisha hodi. Hakuna mwenyeji. Ndani hakuna habari iliyoandikwa na mtu, ila safu ya matangazo. Tena ukurasa huo huo, kwa mpango ule ule, umeshaonekana katika maelfu ya majina mengine. Wala hakuna jirani mwema aliyeelekeza mtu huko. Kwa ishara kama hizi mtambo unaweza kufundishwa kuvitambua viwanja vitupu.

Mwezi wa Desemba 2011 Google ilitangaza kwamba imeweka njia mpya ya kutambua majina yaliyoegeshwa yenyewe, bila mtu kuyakagua moja moja. Ilieleza kwamba kurasa hizo ni nadra kumfaa msomaji na mara nyingi zimejaa matangazo, kwa hiyo katika hali nyingi inaona bora isizionyeshe. Yaani mgeni akiuliza, kiwanja kitupu hakitajwi.

Lakini tuwe waangalifu, ndugu zangu. Historia inatutaka tuseme yote. Kampuni ile iliyoyaficha majina yaliyoegeshwa katika majibu yake ndiyo iliyokuwa ikipeleka matangazo katika majina hayo hayo. Mkono mmoja uliyafukuza barazani, mkono wa pili uligawana nayo mapato nyuma ya nyumba. Mpango wake mmoja mkubwa wa namna hiyo, uliowaruhusu wenye majina wa kawaida kujiunga wenyewe, ulifungwa mwaka 2012.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Google ilipunguza pia upendeleo kwa majina yaliyofanana neno kwa neno na swali la mtu. Zamani mtu akiuliza habari za safari ya Ngorongoro, jina lenye maneno hayo lilitangulia mbele hata kama ndani yake mna habari duni. Tangu hapo jina zuri peke yake halikutosha tena.

Na mwezi wa Machi 2024 Google ilitangaza kanuni juu ya majina yaliyoachwa. Kuna watu wanaovizia jina ambalo mwenyewe hakulilipia, wakalichukua kwa ajili ya heshima yake ya zamani. Mfano mmoja uliotolewa ulikuwa huu: jina lililokuwa la shule ya msingi, sasa limejazwa mambo ya kamari. Viungo vya zamani bado vinaelekeza huko, kwa kuwa majirani hawajui kwamba mwenye nyumba amebadilika. Kanuni inasema kufanya hivyo ni udanganyifu, na kurasa hizo zaweza kushushwa au kuondolewa katika majibu.

Fungu la sita: Ardhi na jina

Jambo hili lina ndugu yake katika historia yetu ya ardhi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wawili, ndugu wa ukoo wa Siedentopf, walipewa mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro, wakalima na kufuga mahali ambapo Wamasai walikuwa wakichunga. Karatasi ya serikali iliyo mbali ilikuwa na nguvu kuliko matumizi ya watu walio karibu.

Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika juu ya ardhi, akishikilia kwamba ardhi haipaswi kuwa bidhaa ya mtu kuikalia ili auze kwa faida, kwa kuwa thamani ya mtu juu ya ardhi hutokana na kazi aliyoifanya juu yake. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, sheria iligeuza milki za moja kwa moja kuwa za kupangishwa na serikali, zenye masharti ya kuendeleza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imefuata njia hiyo: aliyepewa ardhi ana masharti, na asipoyatimiza haki yake yaweza kufutwa.

Sasa linganisheni. Katika majina ya com hakuna sharti la kuendeleza. Mtu akilipa ada yake kila mwaka, anaweza kukaa na jina miaka 30 bila kujenga hata banda. Lakini mitambo ya kutafuta imeleta sharti lake kwa mlango wa nyuma. Haimnyang'anyi mtu jina. Inakataa tu kuwaelekeza wageni kwake. Anabaki na kibao chake, peke yake na mbuzi.

Je, haya ni mamoja? Hapana. Sheria ya ardhi hutungwa na bunge tulilolichagua, na mtu aliyeonewa anaweza kwenda mahakamani. Kanuni ya mtambo hutungwa na kampuni ya biashara iliyo mbali. Inaweza kubadilishwa kesho bila mtu ye yote wa Karatu kuulizwa. Mara hii imeangukia upande wa mwenye kufanya kazi, na tunafurahi. Lakini furaha hiyo isitufanye tulale.

Fungu la saba: Tufanye nini sisi?

Tuseme kuna kikundi cha kina mama wa Karatu wanaosuka vikapu, au vijana wanaowaongoza wageni kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Wamechanga fedha, wameandikisha jina zuri. Kisha wanasema, "Tovuti tutatengeneza mwakani, mavuno yakiwa mazuri." Mwaka unapita, mwaka wa pili unapita. Huko nyuma, wakala aliyewaandikishia jina ameweka ukurasa wa matangazo. Mgeni aliye Ulaya anaandika jina la kikundi, anaona matangazo ya safari za kampuni nyingine. Na mtambo wa kutafuta umekwisha liweka jina lile katika fungu la viwanja vitupu.

Wafanyeje? Dawa yake ni rahisi. Siku ile ile ya kuandikisha jina, waweke ukurasa mmoja wenye maneno yao wenyewe. Sisi ni nani. Tuko wapi. Tunafanya kazi gani. Simu yetu ni hii. Picha mbili tatu za kweli zinatosha. Huo ni msingi na chumba kimoja. Vyumba vingine vitafuata. Kisha waombe majirani wanaotajika, kama chama cha ushirika au shule wanayoisaidia, waweke viungo vya kuwaelekezea. Na kama jina liliwahi kukaa tupu, wasikate tamaa. Mtambo hurudi kutembelea. Ukikuta nyumba imejengwa na wenyeji wamo, huandika upya, ingawa pengine itachukua muda.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kusahau kulipa, au kuacha jina liandikwe kwa jina la fundi badala ya jina la kikundi. Fundi akihama, taarifa za kulipa humfuata yeye. Kwa majina ya com, jina likiisha kufutwa kwa kutolipiwa kuna siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, kisha liko wazi kwa ye yote. Wanaovizia hawalali siku hiyo. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kulipa katika daftari la mkutano, pamoja na tarehe za michango mingine. Na karatasi ya jina ikae kwenye sanduku la kikundi.

Ndugu wanafunzi, mtu wa mbali anaweza kulichukua neno Ngorongoro na kulifungia kabatini. Hawezi kuichukua habari ya mtu anayeijua njia ya kushuka kretani, anayejua mvua huanza lini, anayejua bibi yake aliyaitaje maua yale. Habari hiyo ndiyo mitambo inaitafuta kwa ajili ya wageni wake, na iko kwetu. Ila haitaonekana kama hatujaiandika. Ndiyo sababu tunajifunza kusoma na kuandika.

Maswali ya kujadili darasani

1. Jina lililoegeshwa ni nini? Eleza kwa mfano wa kitu unachokiona katika kijiji chako.
2. Kwa nini serikali ya New Zealand ililazimika kununua jina la nchi yake yenyewe?
3. Taja ishara tatu zinazouonyesha mtambo wa kutafuta kwamba jina ni tupu.
4. Sheria ya ardhi na kanuni ya mtambo zinafanana kwa jambo gani? Zinatofautiana kwa jambo gani?
5. Kazi ya nyumbani. Kikundi chako kimeandikisha jina leo. Andika sentensi tano zitakazowekwa katika ukurasa wake wa kwanza. Zisomeke na mtu asiyewahi kufika Karatu.

Sentensi zenu tano zipelekeni kwa mwalimu wa darasa. Atazisoma kwa sauti mbele ya wenzenu, nao waseme kama mgeni angeweza kuifuata njia mpaka mlangoni. Kwa leo tumefika mwisho. Zimeni redio, fungueni madaftari. Kwaherini.